Pua ya Fundi Gesi

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai u mzima huko, na ule mkono wa kushoto sasa unashika kazi vizuri. Sisi hatujambo. Bibi magoti yanamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa hata kidogo.

Nimepata nafasi chuo cha ufundi. Wiki ya kwanza tunaonjeshwa karakana zote mbili, ya umeme na ya gesi, kisha kila mtu anachagua yake. Mama alishanichagulia gesi. Tangu umeme ulipokurusha kutoka kwenye ngazi, hataki hata kuusikia ukitajwa. Husema gesi ina adabu, hubisha hodi kwa harufu kabla haijamdhuru mtu, lakini umeme huingia tu. Nami sikubisha, maana gesi niliipenda kweli. Kukata bomba, kulikunja, kukaza maungio mpaka yakae sawasawa, raha tupu!

Sasa sikia balaa. Mwalimu wa gesi alitutoa nje, akalegeza valvu ya mtungi kidogo, akauliza, "Mnasikia?" Wote wakaitikia. Mimi Chiriku wako nikaitikia kuwashinda wote, kwa sababu nilisikia kweli: ssss. Akaniuliza inanukaje. Nikamwambia inalia kama birika la chai. Wenzangu wakavunjika mbavu.

Mwalimu hakucheka. Alifunga mtungi, akaniambia nifumbe macho, akanisogezea kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Nikasema ni maji.

Pua yangu ilikufa na ile homa ya mwaka juzi, Mjomba. Nilidhani itarudi, nikanyamaza. Mwalimu amesema povu la sabuni la kuonyesha panapovuja lipo na vipimo vipo, lakini fundi gesi akiitwa jikoni kwa watu, pua ndiyo inayotangulia kuingia. Hakunifukuza, aliniachia niamue mwenyewe. Nimeamua kwenda umeme. Umeme haumnukii yeyote, kwa hiyo huko sote tuko sawa, kila mtu anaiamini testa yake ya kupimia waya. Gesi bado inaniuma, sikufichi.

Kazi ilikuwa kumwambia Mama, na wala si kwa ajili ya umeme. Unamjua dada yako. Akifunua sufuria lazima aniite ninuse, nami muda wote huu namjibu, "Mama, mchuzi unanukia mpaka kwa jirani!" Nilijua nikifungua mdomo, sifa zote hizo zitageuka uongo.

Jana tulikuwa tunakunja nguo, nikamwambia yote. Nilijiandaa kwa ugomvi wa umeme, wala hakuutaja. Alikaa kitandani na shuka mkononi. Halafu akauliza, "Hata mimi hunisikii?"

Nikamwambia hapana. Tulilia, Mjomba, yeye na mimi.

Leo amekubali niende umeme. Ila ametoa sharti: uniandikie ulikosea wapi siku ile ya ngazi, hatua kwa hatua, bila kujitetea. Na amesema barua hiyo ataisoma yeye kwanza.

Msalimie sana mkaza mjomba na mapacha. Bibi anakusalimu na anauliza unarudi lini. Mungu akupe afya na riziki, na akurudishe kwetu salama.

Mpwa wako akupendaye,
Chiriku