Midalasini ya Zuhura

Zuhura, mtani wangu,

Sikuulizi hali, maana ya kwako anaijua Mungu, na ya kwangu ndiyo niliyokuja kukueleza. Nimekaa kwenye kizingiti cha jiko la mama yako na kikombe cha uji mkononi. Mji wote wa Morogoro umefunikwa na ukungu huko chini. Asubuhi kama hii unaweza kuapa kwamba mji haujawahi kuwepo, wala kiwanda, wala lile lango ambapo tulikuwa tukipekuliwa mabegi. Kuna mlima tu, na maji yanayoteremka mahali nisipopaona.

Ndiyo, niko kwenu. Yule Mpagazi wako, kama ulivyopenda kuniita kwa sababu babu zetu Wanyamwezi waliwabebea watu mizigo hadi pwani, amepanda mlima wa Waluguru. Safari hii sikubeba mzigo wa mtu.

Nikupe kwanza habari za kiwandani. Unakumbuka ulikuwa wa kwanza kuondoka katika laini yetu ya ushonaji, na supavaiza akasema utarudi kabla maharage yako hayajatoa maua. Hukurudi. Ilikuwa kana kwamba umetoka ukaacha mlango wazi. Asha wa vifungo aliaga, akaenda Gairo kulima karanga na kaka yake. Mpiga pasi naye akahamia Kisaki, akisema anataka kusikia treni kwa mbali badala ya kusikia mashine sikioni. Wengine hawakuaga kabisa. Tulikuwa tukifika asubuhi tunakuta cherehani nyingine imefunikwa kitambaa, tunatazamana, kila mtu anajiuliza moyoni kesho ni nani. Redioni walisema watu wanaacha kazi kila mahali, hata nchi za mbali, kwamba tangu yale maradhi ya dunia nzima watu wameanza kujiuliza wanafanya nini na maisha yao. Mimi nilikuwa sijajiuliza. Nilikuwa nashona mfuko wa kushoto.

Hebu fikiria, Zuhura. Miaka yote ile sikuwahi kushona suruali. Nilishona mfuko wa kushoto, nikausukuma mbele, nikachukua mwingine. Huko nje kuna watu nisiowajua wanatia mkono ndani ya kazi yangu kutafuta funguo, na hawana habari kama kuna Kabula duniani.

Wewe ulikuwa ukinipigia simu kutoka kwenye lile jiwe lenye mtandao. Nilikuwa nasikia upepo kabla ya sauti yako. Ukaniambia Mjomba Shomari, mkuu wa ukoo wenu, amekubali unigawie kipande cha juu ya kijito nilime, na kwamba siku moja utapanda midalasini kwenye ukingo wake, ili mtu anayepita njiani alinuse shamba kabla hajaliona. Nikacheka, nikakuambia nitakuja Idi ikipita. Idi ikapita. Masika ikaja na ile homa, na haikukuacha hata uvune.

Siku ya mazishi watani wenzangu walifanya kazi yao. Walilizuia jeneza njiani wakisema huyu haendi popote, bado hajatupikia. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilitakiwa nicheke nao, ndio utani wenyewe, lakini ulimi uligoma. Nilisimama tu nimeshika ncha ya kanga yangu. Nilikupenda sana, Zuhura, na sikumbuki kama niliwahi kukuambia, maana sisi tulikuwa watu wa kutukanana.

Baada ya arobaini mama yako aliniambia kile kipande bado kipo, na kwamba ardhi haisikilizi msiba. Nikarudi mjini nikaendelea na mifuko yangu. Halafu siku moja, katikati ya mshono, pua yangu ikajaa moshi wa kuni mbichi na harufu ya udongo wa huku. Hakuna kuni kiwandani, unajua. Nikanyanyua mguu kwenye pedali. Supavaiza aliniuliza nimepata kazi wapi. Nikamwambia jina la kazi yenyewe bado silijui.

Basi tangu hapo nalima. Nimejifunza kusimama kwenye mteremko bila kuteleza, na kupanga vizuizi vya udongo ili mvua isiondoke na mboga zangu. Maharage nayajua sasa toka mbegu hadi sufuria, na nikiteremka na wanawake wa huku hadi Bigwa kuuza kabichi, mteja akiuliza imetoka wapi namwonyesha kwa kidole. Kuna mchana nakaa kwenye jiwe lako nasahau kama nimeamka au nimelala. Mawingu yanapita chini ya miguu yangu. Wakati mwingine nasikia laini nzima ya cherehani inanguruma, nageuka, kumbe ni kijito.

Na ndipo nikafanya kosa. Sikiliza, maana hili linakuhusu.

Niliomba miche ya midalasini kwa mzee mmoja njia ya chini, nikaipanda ukingoni, pale pale ulipotaka. Sikumwambia mtu. Nilitaka mama yako aione siku itakapochipua, afurahi. Kwetu ukimpandia marehemu mti umetoa sadaka. Kumbe ninyi mna lenu, na katika matusi yote uliyonipa hukuwahi kunifundisha hilo.

Mama yako aliiona, akageuka akaondoka. Jirani aliyezoea kuja kuomba moto akaanza kuuomba nyumba nyingine. Nikajua nimevunja kitu, sikujua ni kitu gani. Kisha Mjomba akaleta ujumbe: Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nifike barazani kwa mama yako.

Siku hiyo hiyo asubuhi, nikiwa kwenye jiwe lako, supavaiza akanipigia. Watu wamemwishia, alisema, nirudi, atanipa laini nzima niisimamie, lakini anataka jibu kabla ya jioni. Nikamwambia nitampigia. Nikajilaza mchana, usingizi ukanichukua, nikakuona. Ulikuwa umekaa kwenye cherehani yako juu ya lile jiwe, unashona ukungu kwenye mlima, na hukuwa na uzi. Nikataka kukuuliza unashikiza na nini. Hukunitazama, ulikuwa na kazi. Niliamka nikiwa na wivu, Mungu anisamehe, kumwonea wivu marehemu.

Barazani walikuwepo Mjomba, wapwa zake wawili na mama yako. Niliwapa shikamoo, wakaitikia vizuri, na hilo likanitisha zaidi. Mjomba hakupandisha sauti. Alisema wamenipokea kwa sababu yako na hawana ubaya na mimi.

"Lakini mgeni hulima, akavuna, akashukuru," akasema. "Mti hapandi. Kwetu mwenye mti ndiye mwenye ardhi."

Akanieleza kama anayemweleza mtoto wa mtu mwingine, kwa upole. Ardhi hii ilitoka kwa mama yake na mama wa mama yake, inapita kwa wanawake wa ukoo, haitoki. Kabichi ikivunwa inaondoka na mwenyewe. Mti unabaki, na kesho mtoto wangu angekuja kusema huu ni mti wa mama yangu, na hapo maneno yangeanza. Kwa hiyo ama niing'oe ile miche mwenyewe kwa mkono wangu, tuendelee, ama nishuke mjini kwa heri.

Nilitazama chini. Ingekuwa rahisi, Zuhura. Miche yenyewe haijafika hata magotini, na laini nzima ya watu ilikuwa inaningoja mjini. Nikajaribu kujiona nimeinama pale ukingoni nikiivuta mmoja mmoja, udongo unakatika kwenye mizizi. Mikono ikakataa kabla sijaituma.

Nikasema, "Mjomba, sikupanda ya kwangu. Nimempandia Zuhura. Ni yake."

Mpwa mmoja akasema taratibu kwamba marehemu hana mali. Hapo ndipo mama yako, ambaye tangu tukae alikuwa anachambua mboga kana kwamba hayamhusu, aliposukuma ungo pembeni.

"Nani kasema hana?" akauliza. "Zuhura nimemzaa mimi, ndani ya ukoo huu, na kalala ndani ya ardhi hii hii. Miti ikiwa yake, haijatoka nyumbani."

Mjomba akaivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akauliza, haya, na nani atamtunzia? Mama yako akanyoosha kidole gumba upande wangu bila kunitazama. Akasema si huyu hapa, aliyeacha kazi mjini, yupo yupo tu.

Walicheka wote, hata Mjomba. Mimi nililia. Nililia kilio ambacho kilikosekana siku ya mazishi, na mama yako akaniacha nimalize, kisha akanisogezea ule ungo niendelee kuchambua.

Wameamua hivi. Miti ni yako. Magome yatakapokuwa tayari ni ya mama yako, na baada yake ni ya mabinti wa ukoo. Mimi nitapalilia na kuyabandua kwa niaba yako, na maharage yangu nitaendelea kuyalima kwa kuomba upya kila mwaka, kama mgeni yeyote. Nilipopita jana, jirani alikuwa ametengeneza kivuli cha majani ya mgomba juu ya miche yako. Jioni akaja kuomba moto.

Supavaiza nilimpigia kabla jua halijazama, juu ya jiwe lako. Nikamwambia ahsante, sirudi, nimeajiriwa. Akauliza na nani. Nikasema, na Zuhura.

Alikuwepo kwenye mazishi yako, anajua ulipo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia nafasi, kama huko kwa Zuhura bado wanachukua watu.

Sasa nikuache upumzike, mtani wangu. Mungu akulaze mahali penye harufu njema kuliko hapa, kama papo. Nakuahidi gome la kwanza litaingia kwenye chai ya mama yako, nami sitaonja mpaka yeye ameonja. Wenzetu wote waliacha kazi ili wasiwe chini ya mtu. Mimi nimeacha nikawa chini yako, wewe usiyeweza kunifukuza, na likizo sitaomba.

Kabula