Dirishani au Nyumbani

Jumatatu, 6 Januari
Niko kwenye dirisha la dawa tangu asubuhi. Foleni, joto la Siakago. Mkuu wa zahanati anataka tulinganishe: nusu ya wagonjwa wa sonona, wale watu huwaita "wa mawazo", waendelee kuchukua dawa hapa kila mwezi. Nusu wapelekewe nyumbani kila wiki na wahudumu wa afya wa kijiji. Naona ni kazi bure. Kidonge ni kidonge.

Alhamisi, 23 Januari
Wanja hajaja. Yuko kundi la dirishani. Mwalimu wa nasari, alifiwa na mume mwaka jana. Simu imezimwa. Nilikasirika, kisha nikaogopa.

Ijumaa, 24 Januari
Nimeenda kwake kwa pikipiki. Ndengu zimekauka shambani, zinapasuka zenyewe. Yeye kitandani, uso ukutani. Nikamuuliza mbona aliacha dawa.
"Sista, mara ya mwisho dirishani uliniita jina kwa sauti. Nyuma yangu kulikuwa na mzazi wa darasa langu."
Ni mimi niliyeita. Nimeona haya. Nikamuuliza kama anawaza kujidhuru. Akasema angependa tu asiamke. Nimempigia daktari wa Embu, tukashauriana. Dada yake Wanja amehamia kwake leo hii.

Jumatatu, 27 Januari
Nimemhamisha Wanja kundi. Nikamwambia mkuu ulinganisho wake utaharibika. "Wacha uharibike," akasema. Dawa atapelekewa na Mama Ireri, mhudumu wa kijiji chao.

Ijumaa, 14 Februari
Nimefuatana na Mama Ireri. Hakuanza na dawa. Alivua viatu, akachukua fimbo, akapura ndengu na dada mtu. Wanja alitoka mwenyewe, akaketi, akaanza kupepeta. Polepole sana. Ndipo Mama Ireri akampa kidonge na maji, kama mtu anayempa mwenzake chai. Akameza.
Miaka tisa nagawa dawa. Sikuwahi kuiona ikimfikia mtu.

Jumanne, 25 Februari
Wawili wa kundi la nyumbani wameomba kurudi dirishani. Hawataki majirani wamwone mhudumu langoni. Basi hata hilo sikulijua. Sasa namuuliza kila mmoja anataka njia ipi. Majina siiti tena.

Jumatano, 12 Machi
Manyunyu. Nimepita kwa Wanja. Bado ana siku mbaya, dada yake amesema. Leo alikuwa jikoni, uji mekoni. Akaniuliza kama nimekunywa chochote tangu asubuhi.
Nikaketi.