Nilivyomkimbia Mukwe Wangu Kwenye Mahindi

Jumamosi, siku ya posho, mwezi wa tatu ukiisha. Lubumbashi.

Mvua imetuacha siku nne sasa. Asubuhi kulikuwa na kile kibaridi cha kwanza kinachokufanya utafute fulana, halafu jua likatoka safi, mawingu yamebaki mbali huko upande wa Kinsevere. Magoti yananiuma, viganja vimechubuka, kwenye kisigino nimetoa mwiba mzima, na leo nimecheka kuliko siku yoyote tangu kabla ya Noeli.

Amerudi.

Acha niliandike tena nilione neno lenyewe: amerudi.

Wewe daftari unajua ninamsema nani, maana tangu Noeli sijakuandikia kitu kingine. Lakini huenda siku moja Klara, mjukuu wangu, atakusoma akiwa mkubwa, basi nieleze. Ni baba yake. Mume wa binti yangu Veronika. Jina lake silitaji, na hapa pia siliandiki. Kwetu mama mkwe na mukwe wake wanaoneana haya: hawatazamani usoni, hawatajani majina, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Inakuwa hivyo mpaka siku mama atakapopika kuku, amwite mukwe ndani ya nyumba yake, ale mbele yake. Hapo haya inakwisha na wanakuwa mama na mwana. Ndiyo tunaita kumwingiza mukwe.

Mimi sikumwingiza. Miaka sita!

Niungame hapa, maana kwa padri nilizungukazunguka. Nilitaka Veronika aolewe na mwalimu. Akaja huyu, mtu wa kutia makaa kwenye garimoshi, kucha nyeusi hata siku ya harusi. Wanawake wa ukoo wakiniuliza, "Mama Veronika, kuku lini?", nilijibu kwamba kuku bado anakua. Mwaka wa kwanza kuku anakua, mwaka wa tano kuku bado anakua, wakachoka kuuliza. Kilikuwa kiburi tu, nisijidanganye.

Basi kabla ya Noeli garimoshi lake likaenda kaskazini. Nyuma yake mapigano yakaanza hapa mjini, na huko alikokwenda daraja likavunjwa. Haikuja barua, hakuja mtu. Veronika ana mimba. Nyumba yao ya kambi ya reli ikapewa wengine, akahamia kwangu na Klara. Kila siku namwekea bukari, ugali wetu, anaifinyanga kwa vidole, anairudisha kwenye sahani. Nilimgombeza, nilimbembeleza, nikamgombeza tena. Kisha nilikwenda nyuma ya jiko nikalia peke yangu.

Mwezi uliopita, misheni walianza kuandika majina ya waliopotea. Veronika alikuwa anatapika siku hiyo, nikaenda mimi na Mama Kapinga. Huyu ni rafiki yangu wa miaka ishirini, mjane, Muluba wa Kasai, na mtani wangu wa kila saa. Ndugu zake wengi wamekimbilia kambi ya wakimbizi, kwenye mahema. Yeye alikataa, akasema hakuna hema la kumtosha matako, akaleta godoro lake kwangu. Macho yake yameingia ukungu. Mtu akiwa hatua tano, yeye anaona nguo tu.

Karani akauliza jina la aliyepotea. Nikamtazama Mama Kapinga, akalitaja yeye. Karani akaandika. Halafu akaniuliza mimi, kwa upole kabisa: uso wake uko namna gani?

Sikuujua. Miaka sita nimeinamisha macho kila akipita. Mama Kapinga naye na ukungu wake, angesema nini? Nikamwambia karani ninachokijua: mguu wa kushoto umegeukia nje, kisigino kinaburuta kidogo, na ana kikohozi cha makaa, kinapiga mara tatu, ya tatu ndogo. Karani akaweka kalamu chini. "Mama, kwa miguu hatuwezi kumupata muntu." Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Njia nzima ya kurudi nilitembea mbele ili Mama Kapinga asinione, nikasahau kwamba hata ningekuwa karibu asingeniona.

Sasa ya leo.

Zamani tulikuwa watu wa kutembea. Alhamisi sokoni, Jumapili misa halafu kupiga hodi kwa marafiki mpaka jioni, Jumamosi shambani ng'ambo ya reli. Tangu waweke bariere, vile vizuizi, na askari njiani tulikaa ndani kama wagonjwa. Wiki hii bariere ya upande wetu imeondolewa. Asubuhi Mama Kapinga akasimama mlangoni na kapu kichwani akatutangazia, "Kalanga itaoza mu udongo na shee tutaoza mu nyumba. Twende!" Tukaenda wanne: yeye, mimi, Veronika na tumbo lake la miezi saba, na Klara aliyeruka kila kidimbwi kilichobaki.

Masista walinifundisha kuandika Kiswahili cha kitabu, nami nakiandika. Lakini maneno ya watu nayaacha yalivyotoka mdomoni, maana ya leo yakisafishwa yatakufa.

Shambani ilikuwa raha, sitaficha. Udongo bado laini, unavuta shina moja kalanga zinatoka zote. Mama Kapinga akaanza utani wake: "Beye bantu ba Pweto, hata mukioga munanuka samaki ya kukauka." Ni kweli baba yangu alitoka Pweto, huko ziwani, kuja kuchimba shaba. Nikamjibu, "Na beye ba Kasai, mukiona kalanga munasahau hata jina ya baba yenu." Veronika akacheka. Kidogo, lakini alicheka, na akala kalanga mbichi tatu. Nilizihesabu.

Ndipo nikainua kichwa kujinyoosha mgongo.

Kwenye kinjia kinachotoka relini alikuwa anakuja mtu. Koti refu la rangi ya majani makavu, gunia begani. Macho yangu yenyewe yakashuka kwenye miguu, sijui kwa nini, ni mazoea. Mguu wa kushoto umegeukia nje. Kisigino kinaburuta.

Na mimi nilifanya nini, mwanamke mwenye akili zake, niliyepiga magoti kuomba siku hii ifike? Nilijifunika kikwembe kichwani nikakimbia! Mbio kabisa, na umri huu, kalanga mkononi, moja kwa moja ndani ya mahindi ya jirani. Mukwe anakuja, nimpishe. Miguu iliamua kabla yangu.

Mama Kapinga hakuona mtu. Aliniona mimi nikikimbia, akadhani ni askari. "Basoda! Basoda banakuya!" Akamkwapua Klara, akaingia mahindi nyuma yangu kwa kishindo. Veronika akainua macho, akaona koti la kiaskari, akashika tumbo na kutufuata. Naye yule maskini kwenye kinjia, akiona wanawake wote wametoweka, akajua basi askari wako nyuma yake. Akatupa gunia, akajirusha kwenye mfereji.

Hivyo ndivyo familia yangu ilivyokutana baada ya miezi mitatu: wote tumelala kifudifudi, tunajificha sisi kwa sisi.

Majani makavu ya mahindi yanakwaruza, chungu wameingia mgongoni. Mama Kapinga akanisogelea kwa viwiko.

"Uliona bangapi?"

"Umoya."

"Eko na bunduki?"

"Hana. Haiko musoda."

"Njo nani basi?"

"Njo ule."

"Ule nani? Taja jina!"

"Unajua siwezi kutaja."

Sauti ikamtoka nyembamba: "Mukwe wako?"

"Niko na bakwe bangapi?"

Eh, jamani! Alinipiga kwa fungu zima la kalanga, na udongo wake. "Mais weye muzee, uko na akili? Miezi tatu unalia, muntu anakuya, unakimbia!" Nikamwambia ni haya. Akasema haya yangu itamzalisha Veronika kwenye mahindi. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, kamasi zinamtoka, na mimi vilevile.

Veronika hakutaka kuamini. Alikuwa ametazama kati ya mabua. "Haiko yeye, mama. Ule eko na ndevu, eko mwembamba. Bwana yangu hana vile."

"Uso sijui," nikamwambia. "Miguu njo yake."

Akanitazama namna ambayo sitaisahau. Aliogopa kuniamini. Mkono wake ulikuwa kwenye bega langu, na mimi nikaanza kujiuliza je, nimekosea? Kama ni mguu wa mtu mwingine, nimemfanya mtoto wangu afiwe mara ya pili. Nikasema moyoni, Maria mama wa Mungu, nisaidie.

Kule mferejini mtu akakohoa. Mara moja. Mara ya pili. Halafu ile ya tatu, ndogo.

Veronika akasimama. Hakupiga kelele. Alitoka kwenye mahindi taratibu, kama mtu anayebeba maji, kisha nikasikia viatu vyake vinaanza kukimbia.

Mimi sikuona. Nilikuwa nimewageuzia mgongo, kikwembe usoni, kama inavyotakiwa. Nilisikia tu. Nilisikia Veronika akisema jina lake, mara nyingi, lile jina nisiloweza kulitaja, na nikafurahi kwamba kuna mtu wa kulitaja kwa ajili yangu. Klara akanivuta mimi bibi yake, "Nkambo, ule muzee ni nani?" Nikamwambia, "Ni baba yako. Enda, mbio." Akaenda.

Baadaye sauti ya mukwe wangu ikaja kutoka ng'ambo ya mabua. Haongei na mimi, bila shaka. "Mama Kapinga, umuambie mama jambo yake. Umuombe pardon, nilimutisha."

Mtu ametoka vitani, ananiomba pardon mimi! "Umuambie jambo," nikasema. "Umuambie..." Sikufika mbali.

Mama Kapinga akapaza sauti, ingawa tulikuwa hatua kumi tu: "Anasema anafurahi! Analia, lakini anafurahi!"

Tulirudi nyumbani kwa msafara wa ajabu. Yeye, Veronika na Klara mbele, mimi na Mama Kapinga nyuma sana, nikitazama visigino vyake njia nzima. Viatu vimekwisha, kimoja kimefungwa kwa waya. Nimesikia habari kwa Veronika: daraja lilipovunjwa walitembea siku nyingi, akashikwa na homa, masista wa misheni moja huko wakamlaza mpaka akapona. Koti walimpa wao. Barua aliandika mbili, zote hazikufika.

Sasa ni saa kumi na moja, jua bado liko juu ya mabati. Niko mezani kwangu, kalanga zinakauka uani. Na yeye yuko wapi? Kwa jirani. Amekaa kwenye baraza la watu, amekula sahani ya watu, kwa sababu nyumbani kwangu hawezi kuingia. Nasikia kikohozi chake hapa, ng'ambo ya ua. Amepita vita, homa na bariere zote za Katanga, amekuja kuzuiwa na kuku wangu.

Aibu gani hii, Mama Veronika?

Nimeshamwambia Mama Kapinga amkamate jogoo, yule mkubwa wa mkia mwekundu. Nimekaa naye kwa kisingizio kwamba ananiamsha. Najua kumwingiza mukwe kunataka mashangazi, vyungu vingi, ngoma, wanawake wa kufundisha. Mashangazi wako Pweto na njia imefungwa. Mimi nina jogoo mmoja, kalanga za leo za kupikia matembele, na vipande viwili vya mwisho vya samaki mkavu. Mama Kapinga atasimama shahidi, na atacheza ngoma yeye mwenyewe kama itabidi, ameniahidi. Mashangazi watanung'unika kwamba haikufanywa vizuri. Wanung'unike. Mimi nilingoja ifanywe vizuri na karibu nimkose mtu.

Veronika amekaa hapa karibu anachambua matembele. Amekula bukari yote leo. Akaanza kunisimulia, anacheka, "Unajua, mama, bwana yangu eko na..." Nikamziba mdomo. Asiniambie kitu, wala macho, wala pua.

Kesho baada ya misa ataingia mlango huu. Nitamwekea maji anawe, nitaweka sahani mbele yake, ataanza kula, nami nitainua macho yangu. Miezi mitatu nimemlilia. Kesho nitamwona.