Mpira wa Ubavu wa Tisa

Nilichomoa mpira mmoja kutoka kwenye bawa la ndege ya Mjomba Buya, na nilikusudia. Sijamwambia mtu yeyote.

Leo ni Jumanne, jioni. Joto la Garsen limeanza kupungua, ila vidole vyangu bado vinateleza kwa jasho ninapoandika kwenye simu.

Mjomba Buya ni fundi wa pampu za maji. Huu ni mwaka wa nne anaunda ndege ya watu wawili ndani ya ghala la zamani la mpunga, na anataka kuirusha mwenyewe. Watu humcheka. Juzi mchungaji mmoja wa Kiorma alisimama na ng'ombe wake akauliza, "Buya, huyu kuku wako ataruka kweli, au atataga tu?" Mjomba akajibu, "Akitaga, yai la kwanza lako." Nilicheka moyoni. Kucheka kwa sauti mbele ya watu bado kunanishinda.

Tangu nimalize kidato cha nne, kazi ya nyaya ilikuwa yangu. Mkono wangu mwembamba unaingia ndani ya bawa mpaka kwapani. Bawa lina mbavu kumi na mbili za alumini. Kila ubavu una tundu, na kila tundu lazima livalishwe mpira wa duara kabla waya haujapita. Bila mpira, injini ikitetema, ukingo wa alumini hulikata ganda la waya kidogo kidogo. Waya ukibaki uchi hutoa cheche. Na tangi la petroli limo ndani ya bawa hilohilo.

Nilijua hayo yote. Ndiyo maana naona haya.

Wiki mbili zilizopita alikuja Hadija, binti wa mama mdogo, kutoka Hola. Amesomea umeme chuoni. Anaongea na kila mtu, na akicheka hata wauza samaki barabarani wanageuka. Siku ya kwanza tu Mjomba alimwita fundi. Mimi huniita Kimya. Kazi yangu huikagua kwa tochi, ubavu kwa ubavu. Nilianza kuchukia hata jinsi Hadija anavyojifunga leso kiunoni kabla ya kuanza kazi.

Leo adhuhuri alimaliza kuvalisha mipira yote, akaenda kuswali. Huwa tunapokezana, kwa sababu ghala halina mlango na mbuzi wanapenda kutafuna kitambaa cha kufunikia mabawa. Nikabaki peke yangu. Nikaingiza mkono, nikachomoa mpira wa ubavu wa tisa, nikautia mfukoni. Nilitaka Mjomba amulike, aone tundu tupu, aseme, "Hadija, nini hii?"

Mara moja tu.

Hadija aliporudi tulipitisha nyaya, yeye akisukuma kutoka shinani mwa bawa, mimi nikizivuta kwa uzi kutoka nchani. Mjomba alipokuja nikamnyooshea tochi. Hakuipokea.

"Kama ni Hadija, nimulike nini? Kesho asubuhi tunafunika."

Nikaishusha tochi. Kitambaa kikishagandishwa, hakuna atakayeuona tena ubavu wa tisa. Mjomba angepaa na tundu lile.

Nilitaka kuurudisha mpira kimyakimya, lakini hauingii kwenye tundu lenye waya. Lazima nyaya zirudishwe nyuma kwanza, na kazi hiyo inahitaji mtu kila upande. Mjomba alikuwa ameshatoka kwenda kuzungumza na mteja. Aliyebaki ni Hadija.

"Dada Hadija," nikasema, "ubavu wa tisa hauna mpira."

Yalibaki maneno mawili matatu tu. Yakagoma kutoka.

Aliingiza kidole, akajishika kichwa. "Yarabi! Mimi huyu? Mdogo wangu, ningemuua mjomba!" Machozi yakamlenga. Tukarudisha nyaya. Nikauvalisha mpira uleule, nikijifanya nimeutoa kwenye kopo la mipira ya akiba, tukavuta upya.

Nilidhani yameishia hapo. Hadija akatoka moja kwa moja mpaka kwa Mjomba na kumwambia, mbele ya mteja wake, kwamba alisahau mpira mmoja na mimi ndiye niliyeuona. Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza.

Mjomba alimtazama. Kisha akasema, "Basi bawa la pili wewe utamvutia uzi Kimya. Leo yeye ndiye fundi."

Neno nililolingoja wiki mbili zote. Nililipokea nikitazama chini, na wote wawili wakadhani ni haya zangu za kawaida.

Sasa hivi Hadija yuko uani anachambua mchicha. Hacheki. Nilimsogelea mara mbili nimwambie. Mara ya pili aliniuliza, "Hukuona kingine nilichosahau? Niambie tu, sitakasirika." Nikarudi ndani.

Nimeamua. Kesho, kabla kitambaa hakijagusa bawa, nitawaambia wote wawili, hata kama sauti itatoka kama ya mbu. Huenda Mjomba akanifukuza ghalani. Huenda Hadija asiniite tena mdogo wake.

Wewe unayesoma, kama unapita Garsen na unawajua, nakuomba usiwaambie. Tunza siri hii mpaka kesho asubuhi tu. Nataka waisikie kutoka kinywani mwangu.