Televisheni Kubwa Usiinunue

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Nyuma ya Tanuri la Mikate.
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Mlingoti,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mikate ninayoipanga kila alfajiri pale tanurini. Natumaini u mzima wa afya, wewe na wapishi wenzako wote wa hiyo hoteli. Goti lako je? Uliandika kwamba linakuuma ukisimama jikoni muda mrefu. Likande kwa maji ya moto na ukae chini kila wanapokuruhusu. Wewe ulishasimama vya kutosha utotoni, na leo nitakukumbusha.

Huku sisi hatujambo. Mama anaendelea vizuri, miguu tu inamsumbua asubuhi mpaka izoee kazi. Shangazi hajabadilika, bado anajua habari kabla hazijatokea. Mimi ni mzima, ila unga umeniingia hadi kwenye kope. Baba nitamfikia. Usianze kuruka mistari ukimtafuta, nakujua.

Barua yako imefika salama pamoja na ile picha ya televisheni uliyoikata gazetini. Mama alishika kipande hicho, akasoma vipimo vyake, akatandaza mikono ukutani kuona itafika wapi. Ilifika mpaka kwenye swichi ya taa. Umesema utatununulia hiyo, pamoja na dishi la kuweka juu ya paa, na malipo ya kila mwezi utalipa wewe, mradi Baba asikose taarifa ya habari. Ahsante sana, ndugu yangu. Hiari yashinda utumwa, na sisi hatukukulazimisha. Lakini nimekaa kukuandikia kwamba usiinunue, na nakuomba usinune kabla hujafika mwisho wa barua.

Kwanza nikupe habari za antena. Ile televisheni yetu ya zamani, ile yenye mgongo kama kobe, ilinyamaza kabisa mwaka ule walipobadilisha mitambo ya kurushia matangazo. Tangu hapo Baba amekuwa mtu wa redio. Mimi nilikuwa na televisheni yangu ndogo chumbani, nikidhani bila dishi haifai kitu ila kuwekea vitambaa. Juzi juzi fundi redio wa pale kwenye kona akaniambia kwamba chaneli za hapa hapa nyumbani hupatikana bure kwa antena ya ndani, bila dishi na bila kulipia mwezi, ili mradi televisheni iwe ya aina mpya kama yangu. Kumbe nilikuwa nalala njaa na chakula kimo chunguni!

Nikainunua hiyo antena. Ni kitu chembamba, bapa, kama ile karatasi ngumu ambayo Baba hukatia kola, na kina mkia wa waya. Mama aliigeuza geuza akauliza iliyobaki iko wapi. Nikamwambia ndiyo hiyo yote. Akasema fundi amenipunja.

Basi nilipoishika mkononi nilikukumbuka mpaka nikakaa chini. Unakumbuka antena yetu? Ilikuwa na fimbo mbili, moja ikavunjika siku Shangazi alipoitundikia mkoba wake, Baba akaiunga kwa waya wa kutundikia nguo. Nyumba ya fundi cherehani haikosi waya wa kutundikia nguo. Tangu siku hiyo ikawa haikamati kitu ila mtu aishike, na mtu mwenyewe awe wewe, asimame pale dirishani, mkono mmoja kwenye waya na mwingine kwenye nondo za dirisha. Mimi nikiishika, chenga. Mama akiishika, chenga na mvumo. Ukiishika wewe, picha inatulia kama maji ya mtungini. Ndipo ukaitwa Mlingoti, na jina lako la kweli likabaki shuleni.

Sauti ya Baba naisikia hadi leo, pasi ya mkaa mkononi, suruali ya mteja juu ya meza. “Kulia kidogo. Umezidisha! Rudi. Hapo hapo! Usipumue!” Sebule imejaa majirani mpaka mlangoni, na kila mtu ana mahali pake, kwa sababu mtu akihama tu picha nayo inahama. Mwenye kukohoa alikohoa kwa adabu. Na wewe maskini, umesimama nyuma ya televisheni, huoni chochote ila nyuso zetu. Mechi nzima ulikuwa unaisoma usoni kwetu. Ukituona tumeruka, nawe unaruka, waya unakuponyoka, na marudio ya goli hakuna aliyeyaona. Jinsi ulivyotukanwa kwa mapenzi, mdogo wangu!

Nilikuwa sijui kwamba zile zilikuwa raha. Nilidhani ni shida ya kukosa antena nzuri.

Tuendelee. Niliweka televisheni sebuleni, juu ya kabati la vitambaa, nikabandika antena ukutani nyuma yake, nikaiamuru itafute chaneli. Ikapata moja, nayo picha ikawa inaganda na kukatika vipande vipande, mtu mdomo uko huku na kidevu kule. Siku hizi hakuna chenga. Ama unaona vizuri, ama huoni. Mama, kwa mazoea, aliipiga kofi ubavuni, na kwa kuwa hizi za sasa hazina mgongo, ilibaki kidogo ituangukie. Baba alikuwa kwenye kiti chake kando ya cherehani. Jambo hilo hakulitaka. Mtu asiyeona, aliniambia, unamwashia taa ya nini? Lakini kelele zile zilimshinda. Akanyoosha kidole dirishani, “Pelekeni pale alipokuwa anasimama Mlingoti.”

Mimi nilikuwa sijamsikia akilitamka jina hilo muda mrefu sana. Nikaipeleka.

Nikaamuru tena itafute, nikaenda jikoni kutazama sufuria. Niliporudi taarifa ya habari inasomwa, picha safi kama kioo kilichofutwa, na Mama amesimama dirishani mkono juu, ameshika antena, mkono wa pili kwenye nondo. Baba anamwelekeza, “Shusha kiwiko. Usitikisike, mama watoto!” Kumbe muda wote huo amesimama hivyo. Nikawaambia hii ya sasa haishikwi, inabandikwa tu. Hawakuniamini. Mama aliiachia kidole kimoja kimoja kama anayeacha mtoto atembee, na picha ilipobaki akakaa, mkono umekufa ganzi, akacheka mpaka akafuta machozi. Taarifa ilipokwisha ndipo tukagundua hakuna aliyesikia habari hata moja.

Sasa tumepata chaneli za kutosha: habari, mpira wa vilabu vya nyumbani, mafundisho ya kilimo na igizo moja refu ambalo Shangazi anadai anajua litakavyoisha. Zote bure.

Sasa nakuja kwa Baba.

Yale macho niliyokuandikia mwaka jana si uzee tu. Daktari amesema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula uono kuanzia pembeni, taratibu, bila maumivu, na mtu hajui mpaka umeshakula sana. Kilichokwisha potea hakirudi. Anatiwa matone asubuhi na jioni ili kilichobaki kibaki, na daktari hakutuahidi kwamba kitabaki muda gani. Mwenyewe Baba anasema dunia imebaki tundu la kifungo. Anachokitazama katikati ya tundu hilo anakiona vizuri, bado anaweza kutunga uzi kwenye sindano. Kando yake hakuna kitu. Amegonga meza ile ile aliyoikatia nguo maisha yake yote. Alipoigonga aliiomba radhi, akidhani ni mteja.

Ndiyo maana televisheni yangu ndogo imemfaa. Akikaa pale kandoni mwa cherehani, sebule nzima ikiwa katikati, kioo chote kinaingia kwenye tundu lake. Jioni ile ya kwanza alimtazama msomaji wa habari kwa makini, halafu akatoa hukumu. “Kola ya huyu imeshonwa na adui yake.” Mlingoti, nilifurahi nikataka kupiga vigelegele. Tangu hapo kila jioni anakagua makoti ya wakubwa, nani mabega yamemlegea, nani suruali imekatwa na fundi mwenye haraka. Ameanza tena kunyoa kila siku.

Shangazi, aliposikia, alituita kwake ajivunie televisheni yake kubwa, karibu sawa na hiyo yako ya gazetini. Baba alikaa mbele yake kwa heshima mpaka kipindi kikaisha. Njiani nikamuuliza ameionaje. Akasema, “Nimeona pua. Pua nzuri. Mwenyewe sikumwona.” Hiyo kubwa, mdogo wangu, kwa Baba ni pua tupu. Ili amwone mtu mzima itabidi kiti chake tukiweke barabarani.

Nami tangu siku hiyo nimekuwa kila kitu nakipima kwa tundu lile. Mama akiketi ubavuni mwake hamwoni, anamsikia tu. Akimgeukia anaona jicho moja, au mdomo. Lakini juzi nilitoka kazini, nikasimama kwenye mlango wa sebule kuvua kilemba, naye akaniambia kutoka kitini kwake kwamba kiatu changu cha kushoto kimefunguka kamba. Nikasimama pale pale kama niliyepigwa msumari. Ananiona kuanzia kilemba mpaka kiatu! Mtu akisimama mlangoni anaenea wote.

Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya nyumba, halafu nikarudi kuosha vyombo.

Kwa hiyo nakuomba waziwazi, kwa sababu barua ni ndefu na sisi si watu wa kuzungukana. Hizo fedha za televisheni, zikate tiketi. Njoo usimame mlangoni.

Najua unachoogopa. Uliondoka akiwa amekutengea kiti kwenye cherehani ya pili, ukachagua sufuria za watu, naye akasema maneno ambayo baba hapaswi kumwambia mtoto. Wewe umekuwa ukituma vitu ili usije mwenyewe, na yeye amekuwa akivipokea ili asikuulizie. Kila nikimsomea salamu zako anajibu, “Mwambie nimesikia,” basi. Sitakudanganya kwamba amelainika. Jana tu amemfukuza mteja kwa sababu ya zipu. Lakini wazee wamesema damu nzito kuliko maji, na matone ya daktari hayatamngoja mtu mwenye aibu. Ukichelewa utamkuta mzima, mkali, na chai atakunywa nawe. Ila atakusikia tu. Mimi siwezi kulivumilia hilo, na nakwambia ili nawe usilivumilie.

Kitanda chako kipo. Mama ametoa vitambaa juu yake bila kuulizwa na mtu.

Mama anakusalimu sana, anasema ule ushibe, usiwaachie wageni wa hoteli peke yao. Shangazi anakusalimu, na ameshatangaza mtaani kwamba unakuja, kwa hiyo ukikataa utamfanya mwongo. Fundi redio naye anauliza kama ni kweli kulikuwa na mtu aliyekuwa antena. Nimemwambia yupo, ila yuko mbali, ndiyo maana hatukamati.

Baba hakutuma salamu. Nilipomwambia nakuandikia uje usimame mlangoni aliendelea kutunga uzi wake, nikajua leo pia ni “nimesikia”. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiuliza, bila kugeuka, “Amenenepa?” Nikamjibu sijui, wapishi wengi hunenepa. Akashika futi yake shingoni, akaivuta huku na huku, akipima kitu nisichokiona. Halafu akasema, “Basi kama amenenepa, asisimame mlangoni. Mwambie arudi nyuma hatua moja, asimame ukumbini, aenee. Lakini asichelewe.”

Mungu akulinde mikono na moto wa jikoni, akutulizie goti, na akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukaripia.