Mashine Iliyozunguka Bila Nguo

Mshauri mpendwa Solveig,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinihurumie kabla hujamaliza kusoma. Nina miaka sabini na mbili, mjane, naishi mjini Gävle kwenye jengo la ghorofa nne, na kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye msimamizi wa chumba cha kufulia kule chini, yaani ndiye ninayeangalia ubao wa zamu, ambapo kila nyumba ina kikufuli chake na ukikitia kwenye saa fulani basi saa hiyo ni yako, na watu wananiita mnoko nami najijua, nikikuta nyuzi zimeachwa kwenye kichujio cha mashine ya kukaushia naandika kikaratasi nakibandika mlangoni, na vikaratasi vyangu vinajulikana jengo zima.

Sasa tangu korona iingie na sisi wazee tuambiwe tukae ndani, nikaanza kuona kikufuli cha nyumba iliyo juu yangu kila siku, saa nne hadi saa saba, hata Jumapili! Anaishi hapo Tove na mumewe Rikard, na binti yao Signe wa miaka mitano, na Rikard kazi yake ilisimama Machi, kwa hiyo yuko nyumbani kutwa. Nikateremka kuchungulia, nikamkuta Tove amekaa sakafuni na koti lake mwilini, mtoto anachora juu ya meza ya kukunjia nguo, na mashine inazunguka, mshauri, haina hata soksi moja ndani, maji matupu! Nikamuuliza, “We Tove, unafua maji?” Akasema, “Samahani, shangazi Gunvor, tunamaliza sasa hivi.” Mtoto akaniambia, “Makelele ya huku chini ni mazuri,” na mimi, Mungu anisamehe, nikaona ni maneno ya kitoto tu, nikapanda zangu nikaandika, nikabandika mlangoni kwao: “Nyumba namba saba, chumba cha kufulia si sebule. Mnakaa humu asubuhi nzima na mashine tupu. Umeme ni wa wote.”

Alasiri ile ile Rikard akagonga, akasimama mita mbili kama inavyotakiwa, kaniletea maziwa na mkate, maana ndiye aliyekuwa akininunulia vitu dukani, akatabasamu. “Asante sana, Gunvor. Mimi nilidhani mke wangu anafua. Umenifungua macho.” Haikupita nusu saa nikasikia kitu kizito kimeanguka huko juu, sauti ya Rikard peke yake inapanda, na mtoto analia.

Tangu siku hiyo anayeshuka kufua ni Rikard. Tove nimemwona mara moja tu, dirishani. Dada yangu Barbro ananiambia kwenye simu, “Hayo ni mambo ya ndani ya watu, Gunvor, utaaibika bure, na nani atakuletea maziwa?” Nimewaza nimwandikie Tove kikaratasi cha kumwomba radhi, nimewaza nimkabili Rikard, nimewaza ninyamaze, na silali. Walikuwa na mahali pamoja pa kupumua, nami nikapafunga. Nifanye nini? Na Tove ataweza kunisamehe?

Gunvor

Gunvor,

Kwanza wasomaji wajue: barua hii ilinifikia Aprili na sikuichapa, kwa sababu Rikard naye anasoma gazeti. Nilikupigia siku ile ile. Leo naichapa kwa ruhusa ya Tove, majina na mji nimebadilisha, na narudia niliyokwambia, maana jengo lenu haliko peke yake.

Nilikwambia uweke kalamu chini. Kikaratasi cha pili kingesomwa na yule yule aliyesoma cha kwanza. Nikakwambia usimkabili Rikard: wewe ungetoa dukuduku lako, kisha kipigo angekula Tove. Ulikosea, ndiyo. Uliona mwanamke amejikunyata na koti kwenye chumba chenye joto, ukafikiria umeme! Lakini hukumpiga wewe. Aliyempiga yupo, na hatia yake usimbebee. Na Barbro mwambie maziwa yanaweza kuletwa na mtu yeyote.

Nikakwambia ukisikia tena, piga 112 papo hapo, usingoje uhakika, uhakika ni kazi ya polisi. Na kwa ajili ya Signe, wapigie ustawi wa jamii leo, sema ulichosikia, siku na saa, bila kuongeza chumvi. Ulipiga. Nakupongeza.

Halafu nikakuuliza kama kweli jengo zima linakujua kwa unoko. Ukasema ndiyo, kwa aibu. Basi hapo ndipo nilipokupenda. Ulipanda ngazi, ukagonga, ukanuna: “Rikard! Kanuni za jengo. Aliyezidisha zamu anasafisha vichujio kila Alhamisi kwa mwezi mzima. Si wewe, mkeo, kikufuli alikitia yeye. Na mtoto aje ashike ndoo.” Rikard akacheka. “Nenda, Tove, huyu bibi hatatuacha tupumue.” Kanuni hiyo haipo. Ila kwa miaka kumi na tisa hukuwahi kudanganya kuhusu kanuni, ndiyo maana aliamini.

Kule chini hukumhubiria. Ulimpa simu yako na namba ya laini ya msaada kwa wanawake wanaopigwa, ambayo ni bure na haionekani kwenye ankara. Ukamuuliza, “Wewe mwenyewe unataka nini?” kisha ukafunga mdomo, jambo ambalo najua lilikugharimu. Aliongea dakika arobaini, nawe umekaa ngazini na Signe mnasugua kichujio ambacho tayari kilikuwa safi. Alhamisi ya tatu hawakurudi juu. Gari lilikuwa likiwangoja mlango wa nyuma, nyumba ya hifadhi ikawapokea, na Rikard sasa anajibu mbele ya sheria.

Nanyi wengine msiniambie ni korona. Korona haikumfundisha mtu kupiga mkewe. Ilimfungia naye ndani tu. Kama jirani yako ameanza kutupa taka mara tano kwa siku, au mtoto wake hataki kutoka kwenye ngazi, usimkaripie. Msalimie. Muulize anaendeleaje mkiwa wawili tu, na subiri jibu.

Gunvor, uliuliza kama atakusamehe. Hilo si langu kujibu, nikampelekea mwenyewe. Anasema Jumapili, bustanini, mahali atakapokwambia kwa simu, mkae mbali mbali na uje na kahawa yako. Signe amejifunza kuendesha baiskeli na anataka shangazi amwone.

Nenda.

Solveig