Babu Yako Hakatwi kwa Msumeno

Chumbani kwangu, uani,
Jumanne asubuhi.

Mpendwa mjukuu wangu, ingawa leo neno hilo limenitoka kwa shida,

Wajukuu wa wenzangu wakipiga simu huuliza bibi ameamkaje. Wewe umempigia mama yako kumwagiza atafute msumeno. Huna adabu. Haya, hujambo? Kifua kimepona? Huko kwenye baridi unavaa nguo nzito au bado unajifanya kijana? Mimi mzima, ila goti la kushoto linagoma nikiinama, na kazi yangu yote ni ya kuinama.

Kazi yenyewe imekwisha. Babu yako amesimama hapa mbele ya kitanda. Miguu ni fremu za baiskeli, mbavu ni ringi, kichwa ni ile sufuria iliyotoboka ambayo mama yako alitaka kuitupa. Ameinua gurudumu kwa mikono miwili, analitazama kama limenyooka, vile vile marehemu alivyokuwa akifanya pale sokoni akitengeneza baiskeli za watu. Fundi wa kuchomelea ameunga nilipomwonyesha. Kuchagua na kupanga nimepanga mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la pili.

Wanaosema bibi anaokota takataka nawasikia. Juzi muuza maziwa, mteja wa babu yako tangu ujana, alichungulia dirishani akasema taratibu, "Shikamoo, fundi." Halafu akakaa chini na madumu yake, akashindwa kuondoka.

Sasa kosa. Nilipima mlango kabla sijamtia mikono. Ukimaliza kucheka endelea kusoma. Ningemtengenezea uani wangemwiba wakamuuze kwa kilo, ndiyo maana akazaliwa chumbani. Mikono haipiti mlangoni hata tumgeuzeje. Wewe na mama yako mkaona rahisi: akatwe, akaungwe nje. Fundi wa kuchomelea anasema chuma cha mabega kimeliwa na kutu, akikichoma tena kitatoboka, na gurudumu halitashikika. Wewe hukuuliza. Umesoma mpaka umesahau kuuliza.

Mwenyekiti wa soko ametupa nafasi palepale kilipokuwa kibanda cha babu yako. Zege la kumsimamishia limeshakauka. Jumamosi ikipita babu yako hajafika pale, nafasi anapewa muuza viatu, na mume wangu atabaki kufungiwa chumbani kama mgonjwa. Hilo silikubali.

Kwa hiyo ukuta wa dirisha unabomolewa. Najua chumba hiki ulinijengea kwa jasho lako, na kila siku nakuombea kwa hilo. Lakini tofali likibomoka linajengwa tena. Nitalala kwa shangazi yako mpaka muashi amalize, virago nimeshafunga.

Shangazi yako, atakayekutumia barua hii kwa simu, anakusalimu, na wale pacha wake watundu pia. Msalimie mkeo, mbusu mtoto. Mungu akulinde na akuzidishie akili, maana unaihitaji.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ukinikera.

Mama yako anasema ukuta hauguswi bila neno lako. Basi mpigie leo, kabla hujala: aondoe kabati pale dirishani, na muashi aachwe afanye kazi.